Mke Mkubwa na Mke Mdogo wa Santuri

Kamba ya mkonge hata ikikaa sandukuni miaka mingi haiachi harufu yake. Nimelijua hilo hivi karibuni, baada ya arobaini ya mama, nilipofungua sanduku lake la bati huku mdogo wangu Salehe akiwa uani anaaga wageni. Kabla macho hayajaona kilichomo, pua ilishatangulia: kanga za zamani, dawa ya mende, na chini ya hivyo vyote ule uchachu ambao sisi tuliokulia kwenye makambi ya mkonge tutazikwa nao. Kamba ilikuwa imefunga santuri mbili kubwa, kila moja ndani ya jalada lake. Nilizitambua papo hapo. Nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena, mpaka Salehe akaniuliza nimepoteza nini.

Mimi Mwanaidi ni mtu wa namna hiyo, wala sikuanza uzeeni. Mama alikuwa akisema kwamba siku niliyozaliwa mkunga alisahau kunipa makalio. Nilikula nimesimama. Chuoni, kwenye Kurani, mwalimu alinipangia mahali karibu na mlango ili nikitoka nisiwakanyage wenzangu. Watu wazima wakizungumza jambo zito nilizunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila nikipita dirishani nilidaka neno moja, kisha najaza mwenyewe yale niliyoyakosa. Ndivyo nilivyopata mambo mengi ya utotoni mwangu, nusu ya kusikia na nusu ya kujitungia.

Tuliishi katika kambi ya shamba la mkonge nje ya Korogwe. Baba alikuwa fundi wa korona, ile mashine kubwa inayokamua majani na kuacha nyuzi. Makapi yake yalichachuka juani, harufu ikaingia kwenye nguo, kwenye ugali, kwenye nywele. Baba alikuwa Mzigua wa Handeni, mtu mrefu asiye na haraka. Mama alizaliwa Korogwe ya Zamani, karibu kabisa na mto, akajifunza kuogelea kabla ya kujifunza kupika. Serikali ilipochukua mashamba, meneja Mzungu alifunga virago vyake, na kwa ajili ya jenereta ambayo baba alimtengenezea mara nyingi, akamwachia gramafoni ndogo ya betri yenye mpini wa kubebea, pamoja na santuri mbili za muziki wa kantri.

Wenzangu wa umri wangu mnaujua muziki huo. Ulikuwa ukipigwa hata redioni, gitaa linalolia kama mtu aliyefiwa na sauti zinazotokea puani. Lakini ile yetu ya kwanza haikuwa ya mtu mmoja. Aliimba mwanamume, akajibu mwanamke, kisha mwishoni wakaimba pamoja. Kwenye jalada la kwanza walisimama wote wawili wameegemea ua wa mbao, mwanamume amevaa kofia pana, mwanamke nywele zake zimepanda juu kama kichuguu. Nyuma yao palikuwa na milima ya kijani. Kwetu milima ya kijani iliyokuwa na Wazungu ilikuwa Vugiri, basi nikakata shauri kwamba wanaishi Vugiri, na kila nilipoona gari linashuka kutoka milimani nilikimbilia barabarani nikawaone.

Nyumbani hakuna aliyejua Kiingereza cha kutosha kufuata maneno. Baba na mama waliweka ya kwao. Jumamosi alasiri baba alitoa betri juu ya bati la nyumba, alikozianika zipate nguvu, akaweka gramafoni kwenye kigoda nje ya mlango. Sauti ya mwanamume ikianza, baba aliimba juu yake:

"Mke wangu, nimerudi, chai yangu iko wapi?"

Mama, akiwa anapepeta mchele, wala hakuinua macho:

"Chai ipo jikoni, mume wangu, sukari umeleta?"

"Sukari dukani imekwisha, nimekuletea mapenzi."

"Mapenzi tia kikombeni, koroga, kisha unywe."

Kisha zile sauti mbili za Vugiri zilipokutana, na wao walikutana: "Basi tunywe hivyo hivyo, tumezoea." Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliacha kuzunguka. Nadhani hapo ndipo pekee palipowahi kunituliza, kwa muda wa wimbo mmoja.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuja na mikataba ya manamba zamani na sasa alifanya kazi chumba cha brashi, wanakosafisha nyuzi. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na msomaji anayejua utani anajua maana yake. Mzee Maganga aliingia nyumbani bila hodi, akanywa uji wa baba, akamvua kofia akaondoka nayo. Mtani hanuniwi. Akishakamata kitu chako unakikomboa kwa anachotaka yeye, na ukikunja uso unaongezewa faini. Baba alimwita "mzigo wangu", naye alimwita baba "mtumwa wa babu yangu", na siku mmoja wao alipougua mwenzake hakulala.

Ile santuri ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Kwenye jalada lake mwanamume alikuwa yule yule, kofia ile ile, lakini mwanamke alikuwa mwingine. Huyu alikuwa mwembamba, amevaa gauni la buluu, mkono ameuweka begani kwa mwanamume kama mtu aliyezoea, na ndani ya santuri aliimba peke yake mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza baba, "Yule wa kwanza yuko wapi?"

Baba alikuwa anatafuna muwa. "Ameongeza mke," akasema.

"Tajiri huyo!" akadakia Mzee Maganga.

Wanaume wakacheka. Mama akachukua ungo wake akaingia ndani, na mchele ulikuwa haujaisha kupepetwa.

Kwangu neno hilo halikuwa mzaha hata kidogo. Nusu ya watoto wa kambini walikuwa na mama mkubwa au mama mdogo, na nilijua vizuri nyumba hugawanyika vipi mtu akiongeza. Tangu siku hiyo santuri ya kwanza ikawa mke mkubwa, ya pili ikawa mke mdogo. Nikaona jambo jingine: mama hakuimba kamwe juu ya sauti ya mke mdogo. Baba akiipiga hiyo, mama alikwenda kuteka maji hata kama mtungi umejaa. Nami nilijua sababu, au nusu yake. Idi iliyopita shangazi zangu walikuja kutoka Handeni, wakala wakashiba, na nilipopita dirishani nikamsikia mmoja akimwambia baba kwamba mwanamume wa kwao anahitaji mwanamke anayeijua ardhi ya kwao. Sikusikia baba alijibu nini. Nilikuwa nimeshapita.

Kisha ikaja habari ya vijiji. Ndugu zake baba walihamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika, wakapangwa katika kijiji kipya cha ujamaa huko Handeni, na wakamtumia baba ujumbe kwamba kiwanja chake kipo, aje ajenge kabla mwingine hajapewa. Baba aligeuka mtu mpya. Alitembea haraka. Alisema yeye si manamba, ana kwao, na hataki kuzikwa kwenye shamba la mkonge. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Handeni mimi sijui kuishi," akasema. "Nimezaliwa mtoni, Baba Mwanaidi. Unataka nikapange foleni ya maji?"

"Kisima kinachimbwa."

"Kikichimbwa kikatoa maji, niite."

Walisema hayo kwa wiki nyingi, kila mara kwa maneno mengine. Nilizunguka nyumba mpaka nikatengeneza njia. Mwisho baba akasema, "Basi natangulia nijenge. Ukitaka utakuja."

"Na nisipotaka?"

Baba alikuwa anakunja blanketi, akaendelea kukunja.

Asubuhi ya kuondoka nilisimama mlangoni nikamwangalia akifunga gramafoni kwa kamba ya mkonge. Akazichukua santuri zote mbili, moja mkono huu, moja mkono ule, kama mtu anayepima nyama. Halafu akaifuta ya kwanza kwa mkono wa shati, akairudisha juu ya rafu. "Hiyo mwachie mama yako," akaniambia. Ya pili akaitia kwenye mzigo wake.

Amemwacha mke mkubwa, akaondoka na mke mdogo. Ni nani angehitaji kuelezwa zaidi? Nilikimbia hadi korona na kurudi, na mama aliponiuliza nina nini nikasema nimeumwa na nyuki.

Tukahamia kwa bibi, Korogwe ya Zamani, mama, mimi, na Salehe ambaye alikuwa bado wa mgongoni. Mvua zikanyesha zikaisha. Baba alituma salamu kwa madereva, na mara moja akatuma gunia la mahindi, lakini mwenyewe hakuja, na mama hakuuliza. Santuri aliiweka chini ya godoro. Haikuwa na pa kupigiwa, mashine iko Handeni. Aliacha hata ile tabia yake ya kuimba jikoni, na mimi nyumba isiyoimbwa ilinitoa mbio. Niliogopa neno moja tu, talaka, na sikujua huwa inaletwa na nani, kwa hiyo kila mgeni aliyepiga hodi nilimkagua mikono. Nilikwenda barabarani kuangalia malori mpaka wapiga debe wakanijua jina.

"Huyo kaoa," bibi alisema kila Ijumaa, akitafuna tambuu. "Mwanamume hajengi miezi yote hiyo. Anajenga nini, boma la Wajerumani?"

Siku moja alasiri dereva wa lori la mahindi, kijana mwenye adabu, alisimama mlangoni kwetu. Akaamkia, akapewa maji. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba kitu kizito.

"Mama, nisiwe mchonganishi," akasema. "Jana nimepita kwa mzee kule kijijini. Sikubisha hodi. Nilisikia mwanamke anaimba ndani."

Bibi akapiga kofi. "Nilisema!"

Mama alikuwa anakanda unga. Mikono ikasimama. "Anaimba vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, mama. Ila maneno yake sikuyaelewa. Labda ni wa kabila la mbali."

Mama akainamisha kichwa juu ya beseni, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilijua analia. Nikataka kumrukia yule dereva nimng'ate. Kumbe miaka mingi baadaye, tukiwa wawili, mama aliniambia kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu baba aondoke. Siku ile alichosema ni kimoja: "Kesho tunakwenda Handeni."

"Kupigana?" bibi akauliza, na macho yake yaling'aa.

"Kumwona huyo mwanamke."

Akaniagiza kambini nikamwite Mzee Maganga. Bibi alitaka aende mjomba, mama akakataa. Ndugu wakiingia katika ugomvi wa mtu na mkewe, kila mmoja huja na upande wake. Mtani hana upande, na hata akisema lililo chungu hakuna ruhusa ya kukasirika.

Tulisafiri juu ya magunia. Mama alikuwa ameifunga santuri ndani ya kanga, ameipakata kama mtoto, na Salehe mgongoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na jiwe mfukoni, jiwe zuri la mtoni, na nilishaamua litampata mke mdogo wapi. Mzee Maganga aliimba njia nzima, na kila nilipomtazama alinikonyeza, jambo lililonichukiza sana.

Kijiji kilikuwa kimepangwa mistari, nyumba baada ya nyumba, vumbi jekundu mpaka magotini. Kando ya kisima palikuwa na foleni ya ndoo na madebe, ndefu kuliko nilivyowahi kuona, na wenyewe wamekaa kivulini. Tulionyeshwa nyumba ya baba. Mwenyewe hayupo, yuko foleni. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Sikungoja mtu. Niliingia na jiwe langu mkononi.

Nilitazama chini ya kitanda. Nilitazama nyuma ya magunia. Nilipanda juu ya kinu nikachungulia darini. Hapakuwa na kanga, wala kitana, wala kioo. Palikuwa na kitanda cha kamba, sahani moja, kikombe kimoja, na gramafoni juu ya sanduku, na juu yake yule mwembamba wa gauni la buluu amelala ndani ya jalada lake. Kile kikombe kimoja kilinitazama hata nikakosa la kufanya na jiwe.

Nje nikasikia kelele. Baba alikuwa anakuja na mzegamzega, debe la maji mbele na debe nyuma, mti umelala begani. Amekonda. Alipotuona akasimama, na maji yakamwagika kidogo miguuni. Kabla hajasema neno Mzee Maganga aliingia ndani, akatoka na gramafoni kichwani.

"Nimekamata mali, Mzigua! Haishuki mpaka ikombolewe!"

Baba akatua madebe. Hakuweza kununa, desturi ilimfunga. "Unataka nini, mzigo wangu?"

"Kuku sitaki. Unga sitaki. Umeongeza mke hukunialika, na kule Korogwe kote wamesikia anaimba. Faini yake ni wimbo. Wewe na Mama Mwanaidi, hapa hapa, mbele ya watu."

"Mke gani?" baba akauliza, na kwa kweli hakuelewa.

Ndipo nikapasuka. "Huyo wa gauni la buluu! Ulimchukua yeye! Mke mkubwa ukamwacha kwa bibi!"

Foleni nzima ya maji ilikuwa imegeuka kututazama. Mtu mmoja akaanza kucheka, wakafuata wengine. Baba hakucheka. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza taratibu nimelipata wapi hilo, nikamwambia yote, shangazi, muwa, rafu, kila kitu. Aliponijibu alikuwa ananiangalia mimi, lakini sauti aliipeleka kwa mama.

"Mwanangu, ile nyingine ningeipiga, nani angenijibu? Huyu wa buluu mama yako hajawahi kumjibu. Anaimba zake peke yake, nami nasikiliza, jioni inapita. Lakini ile ni ya watu wawili. Nilijaribu kuibeba, mkono ukakataa."

Mama alifungua kanga. Alimpa Mzee Maganga santuri, naye akateremsha mali, akaiweka kwenye kigoda, akatia sindano. Betri zilikuwa zimechoka. Yule mwanamume wa Vugiri alitoka akiburuta sauti kama mgonjwa wa malaria, na baba akaanza, akabadilisha maneno palepale:

"Mke wangu, umefika, kisima changu unakiona?"

Mama aliitazama foleni. Alitazama yale madebe mawili, maji yake nusu vumbi. Sauti ya mwanamke ikaanza bila yeye, nami nikashikilia jiwe langu kwa mikono yote miwili, nikamwomba Mungu. Akadakia katikati:

"Kisima nakiona, mume wangu. Ndoo yangu iko wapi?"

Wanawake wa foleni ndio waliopiga vigelegele kwanza. Walijua kabla yangu maana ya mwanamke kuulizia ndoo yake. Betri zikafa kabla ya pale sauti zinapokutana, mashine ikanyamaza, lakini Mzee Maganga alisema faini haijatimia, na wale wawili wakamalizia wenyewe, bila gitaa: basi tunywe hivyo hivyo, tumezoea.

Hakuzoea. Mama aliilalamikia foleni ya Handeni maisha yake yote, kila asubuhi, na kila asubuhi alikwenda. Mimi nilirudi Korogwe kwa bibi kusoma, Salehe naye akaletwa angali mdogo, kisha nikaendelea kuhama mji baada ya mji, na sijui bado ninatafuta nini. Baba ndiye aliyetangulia mbele ya haki. Mwaka ule nilipokwenda kumtazama mama nilimkuta peke yake mlangoni, gramafoni kwenye kigoda, na anayeimba ni yule mwembamba wa gauni la buluu. Nilikasirika, kwa niaba ya nani sijui.

"Mama, huyu si ulikuwa humpendi?"

"Simpendi mpaka leo," akasema. "Lakini ana faida yake. Hataki nimjibu."

"Na ile yenu?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga, akageuza uso upande wa barabara.

Kwa hiyo nilipofungua ile kamba sikushangaa. Santuri ya mke mdogo imekwaruzwa mpaka imekuwa nyeupe. Ya mke mkubwa inang'aa, unaweza kujitazama.

Salehe alipomaliza kuaga wageni aliingia, akalichukua jalada, akaligeuza. Alipitia mambo yote yale mgongoni mwa mama, usingizini. "Hawa ni akina nani?" akauliza.

Badala ya kumjibu nikaimba, sauti ya baba, chini kabisa ninakoweza kufika: "Mke wangu, nimerudi, chai yangu iko wapi?" Nikangoja. Salehe alinitazama, mtu mzima mwenye mvi. Maneno ya upande wa pili hakuna aliyewahi kumpa.

Nikavuta mkeka, nikakaa chini, nikaanza kumfundisha.